Hasi Kumi na Nane

Friza ya Redempta ilikuwa ya Redempta kwenye risiti tu. Kwa mengine yote ilikuwa ya mtaa. Ukimkuta mtu pale Tangini, Kibaha, anakazana na mfuko unaotoa jasho, usimuulize anaenda wapi. Anaenda kwa Redempta, yaani Mama Pazi, kuomba nafasi pembeni. Na nafasi ilipatikana, maana Redempta hakuwa mchoyo. Alitaka kitu kimoja tu: usiondoke kabla hujausifia mtambo.

"Siyo hayo majokofu yenu ya kukoroma kama mgonjwa," angekuambia huku akifuta kifuniko kwa pindo la kanga. "Hii inakuonyesha na namba."

Kweli ilikuwa na namba. Mbele kulikuwa na kidirisha kidogo, na humo taa nyekundu zilisema hasi kumi na nane, asubuhi, mchana na jioni. Mama mkwe wake, Bi Flora, Mlutheri aliyekuja kutoka Kisarawe kutibiwa macho, aliwahi kuuliza hasi ndiyo nini. Evance, mume wa Redempta, mtumishi wa ofisi moja huko Dar, akavuta kiti amweleze mama yake vizuri: sifuri maji yanaganda, chini ya sifuri yanazidi kuganda. Bi Flora akasikiliza mpaka mwisho, halafu akauliza, "Sasa kwa nini wasiandike tu baridi?"

Bi Flora na umeme walikuwa na lao. Kila jioni alizunguka nyumba nzima akizima swichi za ukutani. Televisheni, zima. Redio, zima. Chaja ya Evance, simu ikiwa bado ina njaa, zima. Ukimuuliza, alikuwa na jibu lake tayari: "Umeme haulali. Sasa na wewe ukilala, anauchunga nani?"

Wiki ile friza ilipata mgeni mkubwa. Jumapili ilikuwa sikukuu ya mtakatifu somo wa jumuiya yao ya Kikatoliki, na kila familia ilichangia nyama ya pilau. Margareth, mwenyekiti wa jumuiya, aliileta Jumatatu mwenyewe, ameikumbatia.

"Mama Pazi, hii ni nyama ya watu."

"Kwangu hakiharibiki kitu, mwenyekiti. Soma namba hapo."

Kupata nafasi ilibidi samaki wasogee, na samaki walikuwa wameganda ukutani. Redempta akachukua kisu chake cha mpini mweusi, akaanza kuwachokoa. Bi Flora alikuwa mlangoni anachambua mchele kwenye ungo, anayajaribu macho mapya.

"Utajikata, mwanangu."

"Nimezoea, mama."

Kitu kikalia *ka!* Barafu ikaruka, na pamoja nayo kipande cheupe cha plastiki. Redempta akakiokota, akakitupa kwenye ndoo ya taka bila kukiuliza jina. Samaki wakasogea, nyama ikalala, kifuniko kikafungwa. Hasi kumi na nane.

*

Alhamisi asubuhi kifuniko kilifunguka kirahisi mno. Friza ikiwa nzima, kifuniko chake hugoma kidogo, kinataka kuvutwa kwa heshima. Siku hiyo kilinyanyuka kama cha sufuria. Redempta akaingiza kidole kwenye nyama, kidole kikazama. Harufu ya samaki ikamjibu kabla hajauliza.

Akatazama kidirisha. Hasi kumi na nane.

Alisimama pale akipiga hesabu zake, na hesabu zikatoka vizuri kabisa, ndiyo ubaya wa hesabu. Kama mashine inasema ina baridi, na nyama imelainika, basi kuna mtu aliizima usiku akaiwasha kabla watu hawajaamka. Na kwenye nyumba ile mkono wa kuzima ulijulikana.

Hakusema, kwanza. Alimpigia Margareth, na Margareth akaja na nusu ya jumuiya. Wakainusa nyama, wakaigeuza, wakakubaliana kwamba haijaharibika ila haiwezi kungoja: ikatwe, ikaangwe yote leo hii. Samaki ndio walikuwa wa kuzikwa. Mpaka hapo mambo yangeishia kwenye moshi na vitunguu, kama Margareth asingeshusha sauti vile watu wanavyoishusha wanapotaka kusikika.

"Mimi sisemi kitu, Mama Pazi. Ila umeme wa LUKU nao siku hizi ghali, mh. Mtu akizima kidogo usiku, akawasha alfajiri, ni ubinadamu."

Watu wakatazama chini. Mmoja akakohoa kikohozi ambacho hakikuwa na ugonjwa. Redempta, mtoto wa Bukoba, ambaye friza yake ndiyo sura yake, alisikia masikio yanapata moto.

"Mimi nizime? Mimi? Muulizeni mama mkwe! Ndiye anayezunguka nyumba nzima anazima swichi. Hata redio ya jirani angeifikia angeizima!"

Watu wakacheka. Mzee Sospeter, mtunza hazina wa jumuiya, akaongeza chumvi: "Kumbe Walutheri bado hamjatusamehe? Mnatuzimia mpaka nyama ya somo wetu!"

Kicheko kikapanda, halafu kikakatika. Bi Flora alikuwa amesimama mlangoni na ungo wake. Alikuwa amesikia kuanzia mwanzo.

"Friza sijaigusa, mwanangu," alisema.

"Basi imejizima yenyewe, mama? Ikajiwasha yenyewe?"

"Hilo sijui. Najua mkono wangu."

Nyama ilipoanza kulia kwenye mafuta, Bi Flora alitoka chumbani na mkoba wake begani. Alisema macho yamepona, na nyumba yake kule imekaa peke yake sana. Hapo Redempta angeweza kuweka mwiko chini. Angeweza kusema, mama, keti kwanza. Badala yake akasema, "Haya mama, safari njema," na sauti yake mwenyewe ikamshtua. Ilikuwa sauti ya mtu wa dirishani anapomwita mteja anayefuata.

*

Evance aliporudi hakugomba. Afadhali angegomba. Alikula, akanawa, akasema, "Mama kaondoka bila kuniaga. Hajawahi," akaenda kulala.

Redempta alijaza maji kwenye vifuko, akavipanga ndani ya friza ile tupu. Alitaka ushahidi. Asubuhi vikikutwa barafu, kila mtu ataelewa tatizo lilikuwa nini, na limeondoka na gari la Kisarawe.

Asubuhi Evance, tai shingoni, ndiye aliyefunua kifuniko. Akanyanyua kifuko kimoja. Maji yakacheza ndani kama yapo ziwani.

"Haya," akasema. "Leo nani kazima? Mama yuko Kisarawe."

Akakirudisha kifuko taratibu, akafuta mikono, akaondoka kazini. Redempta akabaki amekaa juu ya ndoo iliyofunikwa, ametazamana na ile namba nyekundu. Kwa mara ya kwanza hakuiona kama sifa. Aliiona kama mtu anayekukodolea macho huku anakudanganya.

Fundi Maneno alifika akiwa anaongea tayari. Kabla hajashusha begi la vifaa alishatoa majibu.

"Gesi imeisha."

"Hujaigusa hata!"

"Mama Pazi, daktari akiona homa anasema malaria, mimi nikiona friza imelegea nasema gesi. Tukikosea tunaanza upya."

Akapiga goti nyuma ya friza, akaweka kiganja juu ya kompresa, mota yake. Akakiacha hapo. Maneno yakamwishia, jambo ambalo Tangini nzima haikuwahi kulishuhudia.

"Ya baridi," alisema mwishowe. "Baridi kama jiwe la mtoni. Sasa siyo gesi. Gesi ikiisha, hii ingelia kutwa nzima bila kupoza. Hii hailii kabisa. Imepumzika."

"Inapumzikaje na maji hayajaganda?"

"Imeambiwa kazi imekwisha."

"Na nani?"

Maneno akainamia ndani ya friza mpaka miguu ikabaki peke yake nje. Akapapasa ukuta, akatoka na waya mwembamba, mwishoni una kichwa cheusi kama njiti ya kiberiti. "Na huyu. Sensa ya baridi. Huyu ndiye mjumbe wa nyumba kumi. Anakaa huko ndani, anampelekea bosi habari: baridi imetosha, au haijatosha. Bosi hatoki ofisini, anaamini anachoambiwa. Ile namba yako nyekundu, Mama Pazi, siyo baridi. Ni maneno ya huyu bwana." Akageuza ile njiti. "Alitakiwa awe na kifuniko cha plastiki nyeupe. Kiko wapi?"

Redempta akasema hajui. Lakini kitu ndani yake kilikwenda mpaka kwenye ndoo ya taka ya Jumatatu na kurudi.

"Tumpime mpimaji," akasema Maneno. Akafungua vifungo, akaipachika sensa kwapani, akabana mkono, akasimama wima kama mtoto zahanati. "Soma."

"Hasi kumi na nane."

"Tumpe muda, kwapa langu lina mambo mengi." Wakangoja. "Sasa?"

"Hasi kumi na nane. Ileile."

"Basi mimi ni marehemu, tena nimeganda. Mwambie mke wangu asiharakishe kuuza vifaa."

Redempta akacheka mpaka akashika ukuta. Ilikuwa mara ya kwanza tangu Alhamisi, na kicheko kikafika mahali kikageuka kitu kingine, akalazimika kujipangusa kwa kanga. Mashine ilimtazama mtu mzima mwenye jasho ikaapa kwamba ni barafu. Na yeye aliiamini mashine hiyo kuliko mama.

Maneno alikuwa anaukunjakunja waya, sentimita kwa sentimita. Alipofika mahali fulani, namba ikaruka ghafla mpaka thelathini na kitu. Akiachia, ikarudi hasi. Akikunja, inaruka.

"Hapa. Waya umekatwa nusu, umebaki na uzi mmoja. Kitu chenye makali kimepita." Akamtazama kwa adabu. "Barafu huwa mnachokolea nini?"

"Huwa inatoka tu yenyewe."

Maneno akakitazama kile kisu cha mpini mweusi kilicholala juu ya meza hapo karibu, ncha yake imepinda kidogo. Akarudisha macho kwenye waya.

"Eeh," alisema. "Nyingine huwa zinatoka zenyewe."

Fundi mzuri hulipwa pia kwa vile asivyoviona.

Sensa mpya haikufika bei ya kilo moja ya nyama, na hilo nalo lilimuuma Redempta, kwamba kitu kidogo hivyo kilitosha. Maneno aliifunga na kifuniko kipya juu yake, akachomeka umeme. Namba ikaamka: ishirini na saba. Kompresa ikanguruma kama bodaboda inayopanda mlima. Redempta hakuwahi kuipenda namba mbaya kama alivyoipenda ile.

Akampigia Evance kumweleza. "Ndiyo maana LUKU wiki hii ilikuwa inaenda pole pole," Evance akasema. "Mimi nilikuwa namshukuru Mungu."

*

Jumamosi Redempta alifika Kisarawe na sensa mbovu ameifunga kwenye leso. Bi Flora alikuwa uani anabangua korosho, vidole vyeusi kwa mafuta ya maganda. Redempta akapiga magoti kwenye mchanga, kama alivyolelewa kwao, na kama alivyokuwa amesahau tangu ajenge Kibaha.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nyama ilipona?"

"Ilipona, mama. Samaki ndio tuliwazika."

"Tushukuru kwa nyama." Akabangua korosho nyingine. "Utaumia magoti. Kuna kigoda hapo."

Redempta hakukaa. Akafungua leso. "Ndicho kilichoharibika hiki. Kilikuwa kinaiambia friza kwamba baridi imetosha, friza ikalala. Hukuzima, mama."

"Mimi najua sikuzima." Bi Flora akafuta vidole, akaichukua ile njiti. "Kwa hiyo haka ndiko kalisema nimezima?"

Angeweza kusema ndiyo. Kidude kile hakikuwa na mdomo, kingekubali.

"Hapana, mama. Haka kalisema baridi imetosha tu. Aliyesema umezima ni mimi. Nilisema kwa sababu watu walinidhania mimi, nikaona bora wakudhanie wewe. Nisamehe."

Bi Flora alikuwa ameiinua sensa karibu na macho, anaufuata waya kwa kidole gumba, pole pole. Kidole kikafika kwenye mkato, kikasimama. Redempta akawatazama kuku. Alikuwa ametubu moja, na la pili lilikuwa bado halijatoka.

"Ulisema mbele ya watu," Bi Flora akasema.

"Nitalifuta mbele ya watu, mama. Kesho, kwenye sikukuu. Lakini nataka uwepo."

"Haya. Ngoja nibadili nguo."

Akaingia ndani. Alikaa muda mrefu kuliko gauni moja linavyohitaji. Zilisikika sauti za kupekua, kitu cha mbao kikagonga kitu, halafu akatoka na mkoba begani na furushi dogo kwapani, limefungwa kwa kitenge.

*

Pilau la Jumapili lilipikwa uani kwa Redempta, kwa nyama iliyokwisha kukaangwa, na watu walisema, bila kulazimishwa, kwamba halijawahi kutokea kama hilo. Hata fundi Maneno alialikwa, akakaa karibu na sufuria. Watu walipoanza kula, Redempta akasimama na sahani yake mkononi, maana hakujua pengine pa kuiweka.

"Jamani. Alhamisi nilisema mama mkwe kazima friza. Hakuzima. Friza ilikuwa mbovu, fundi huyu hapa ni shahidi. Nilimsingizia mzazi. Namwomba radhi hapa hapa mliponisikia."

"Kumbe Walutheri hawana hatia!" akasema Mzee Sospeter.

"Kwa leo," akajibu Bi Flora, na watu wakacheka, safari hii pamoja naye.

Margareth alinyanyuka, akaja kumshika Bi Flora mikono yote miwili, akamwomba radhi, akamwomba na Redempta kwa lile neno la LUKU. Ingeishia hapo vizuri kabisa. Lakini Margareth ni mwenyekiti, na mwenyekiti hawezi kuacha ajenda wazi.

"Sasa hicho kidude, kilikatwa na nini?"

Maneno akainamia sahani yake kwa bidii. Redempta alikuwa na tonge mdomoni, likageuka mchanga. Ndipo Bi Flora, bila hata kuinua macho kutoka kwenye mfupa aliokuwa akiushughulikia, akasema:

"Panya."

"Panya? Ndani ya friza, mama?"

"Panya wa siku hizi hawana adabu. Wanaingia popote."

"Kwenye hasi kumi na nane?"

"Alivaa koti."

Uwanja ukalipuka. Maneno akapaliwa na wali, akapigwapigwa mgongoni. Mzee Sospeter akataka kujua hilo koti lilikuwa la rangi gani. Katikati ya kicheko Redempta alimtazama mama mkwe wake, na akaelewa. Yule mwanamke alijua. Alikuwa ameuona mkato, alikuwa amekumbuka kisu, na sasa alikuwa anajifanya mzee asiyeelewa mambo, anachekwa kwa hiari yake, ili mkwe wake asichekwe. Mtu aliyeangushwa mbele ya hadhara hiyohiyo alikuwa amemnyanyua aliyemwangusha, na wala hakutaka risiti.

"Panya ni mimi," Redempta akasema.

Kelele zikashuka.

"Nilichokoa samaki kwa kisu. Nilivunja kifuniko, nikakata waya, nikatupa ushahidi kwenye ndoo. Hakuna panya. Ni mimi, na sikuwa na koti."

Margareth akaweka mkono mdomoni. "Ee Mama Maria. Mimi ya kwangu nachokolea bisibisi."

"Sisi nyundo," ikasema sauti kutoka nyuma.

"Nyundo na patasi," akakiri Mzee Sospeter, mtunza hazina.

Maneno alishapona kupaliwa. Alishachomoa simu. "Naombeni namba zenu wote, tafadhali, mmoja mmoja."

*

Watu walipopungua, Bi Flora alimfuata Redempta jikoni na lile furushi la kitenge. Akalifungua juu ya friza. Ndani kulikuwa na mwiko wa mti mgumu, wa zamani, mweusi kwa miaka ya kupika, bapa lake limechongwa upya likawa jembamba mwishoni.

"Chokolea huu," alisema. "Hauna makali, lakini ukiupa muda unafika."

Redempta akaushika. Mchongo ulikuwa mpya, mbao nyeupe ikionekana chini ya weusi. Akakumbuka kukaa uani na kuku, zile sauti za ndani, gauni lililochukua muda.

"Mama, huu uliuchonga jana? Ulijua tangu jana, ukanyamaza?"

"Niliuona ule mkato, nikakumbuka kile kiplastiki kilichoruka."

"Kakato kadogo vile, ukakaona?"

Bi Flora akamshangaa. "Macho si ulinipeleka mwenyewe kutibiwa?"

Redempta alitaka kusema asante, lakini lilionekana neno dogo, la kupewa chumvi mezani. Akaweka mkono kwenye kifuniko cha friza ili atoe barafu za wageni waliobaki. Kifuniko kikagoma, kama kinavyogoma kikiwa kizima. Bi Flora akaweka mkono wake kando ya wa mkwewe, na wakakivuta wawili.